Nilimucheka bwana yangu juu alilia kwenye yoga

Kosa ni yangu. Naanzia hapo, juu najua bamoja kati yenu mutaanza kunitafutia sababu: oh, alikuwa amechoka, oh, maisha ya kambi ni nguvu. Hapana! Hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, tumechoka sisi bote, na bamama bengine habakufanya nilichofanya mimi. Mi nilikuwa na mudomo. Nikautumia kumuvunja mutu aliyekuwa anaanza kupona.

Jina yangu sitaitaja, na majina ya bengine nimebadilisha. Muniite tu Mama Mapendo.

Mapendo alikuwa mutoto yetu wa kwanza. Alikufa wakati tulikuwa tunakimbia vita kwetu Kongo, kwa miguu, kutoka Bukavu kushuka Uvira. Homa ilimushika njiani. Baba yake njo alikuwa amemubeba mugongoni. Mi nilikuwa na kachanga kifuani, na mwengine nimemushika mukono. Tulimuzika pembeni ya barabara, kwenye shamba ya mutu tusiyemujua.

Mi nililia mpaka sauti ikaisha. Bwana yangu hakulia. Alichimba, akafukia, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Twende."

Ee Mungu wangu! Hiyo "twende" niliiweka moyoni miaka yote. Nilisema: huyu mutu hana moyo. Anajua hesabu tu.

Juu alikuwa mwalimu wa hesabu kwetu Bukavu. Mutu wa shati iliyopigwa pasi, mutu wa kuimba wakati ananyoa ndevu. Hapa Malawi akageuka mutu mwengine. Mi nilipata mashini ya kushona, nikaweka meza mbele ya nyumba, nikapata bateja. Yeye alikuwa anaendaka kwenye ganyu, njo vile bantu ba hapa banaita kazi ya siku moja moja kwenye mashamba. Akirudi, anakaa. Hasemi. Mulango ikigonga kwa upepo, anaruka. Mabega yake ilikuwa imepanda karibu na masikio, kama mutu anangojea kupigwa.

"Pumzi haifiki chini, Mama Mapendo," alikuwa ananiambia. "Inaishia hapa." Ananionyesha kwenye koo.

Tulienda kwenye kliniki. Nesi, Mukongomani mwenzetu, alimupima moyo, akamusikiliza mapafu, hakuona ugonjwa. Akamuuliza kitu moja tu: "Baba, unalalaka?"

Bwana yangu akatikisa kichwa.

"Kuna dada moja wa kwetu anafundisha yoga ya polepole kwenye sale ya mikutano, hapo chini," nesi akasema. "Hata bazee banaenda. Ujaribu."

Mi nikacheka palepale. Yoga! Mi nilijua yoga ni mambo ya bazungu bembamba kwenye telefone, mguu nyuma ya shingo. Bwana yangu, baba ya batoto, mukristo, aende kujikunja?

Lakini alienda.

Mwalimu alikuwa da Odette, mujane wa Uvira, mwanamuke wa sauti ya chini. Na mambo ya mguu nyuma ya shingo haikuwako. Kila mutu anakuja na kitenje yake, ile kitenge ya kujifunga, anatandika kwenye sakafu ya sementi. Banakaa, banainua mikono na pumzi, banashusha na pumzi. Banapiga magoti, banaketi kwenye visigino, banainama mpaka paji ya uso inagusa chini, banapumzika hivyo. Mwenye magoti mubaya anapewa kiti. Kwa mwisho banalala chali, bananyamaza. Njo hiyo tu. Bwana yangu alikuwa ananiletea maneno ya mwalimu nyumbani: "Da Odette anasema tusishindane na mwili. Pale inakataa, tuishie hapo."

Mwanzoni hakuweza kulala chali na kufunga macho. Akifunga tu, moyo inakimbia, anasimama, anatoka inje. Da Odette hakumulazimisha. Alimuweka karibu na mulango, akamuambia, "Baba, tazama mabati. Hiyo pia inatosha."

Polepole akaanza kubadilika. Asubuhi alikuwa anatandika kitenje pale nyumbani, anapiga magoti na mikono chini, mugongo anaupandisha, anaushusha. Batoto yetu, Riziki na mudogo yake, banapita chini ya tumbo yake kama wanavuka daraja. Siku moja bakamuangukia, akalala pale chini nao juu yake, akacheka. Kicheko yake! Nilikuwa nimesahau namna inatoka.

Mutu mwengine angeshukuru Mungu. Mi nilifanya nini? Niliona wivu!

Nilijiuliza: mi niliyekula naye njaa, mi niliyelala naye kwenye mvua, nimeshindwa kumurudisha, halafu mwanamuke wa Uvira anamurudisha kwa kumuambia apumue? Nami napumua kila siku, hakuna mutu ananipigia makofi!

Na bamama ba kartie, bale ba mutaa yetu, bakanitilia mafuta. "He, Mama Mapendo, ule bwana yako anaendaka kulala chini na babibi ba bantu?" Mi nacheka nao, lakini ndani inachoma.

Sasa ikafika ile jioni. Batoto balikuwa bameshakula, bametoka inje kucheza. Tulibaki babili na nsima, ugali ya hapa, na sombe ya majani ya muhogo. Bwana yangu akaacha kula. Akasema, bila kunitazama:

"Leo nimemulilia Mapendo."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Wapi?"

"Kwa da Odette. Tulikuwa tumelala. Nikafunga macho, ikaja yenyewe. Nililia sana. Mbele ya bote."

Akainua macho, akanitazama. Yalikuwa macho ya mutu ambaye hajamaliza kusema. Leo najua. Siku ile niliona kitu moja tu: miaka yote mi nalia peke yangu, nikimugeukia ananiambia, "Nyamaza, batoto batasikia." Sasa machozi ya mutoto yangu ameenda kuimwanga mbele ya bantu basiomujua hata sura!

"Sawa," nikasema. Nikasimama, nikakusanya sahani.

Yeye akabaki pale, mukono ingali na nsima. Kuna siku naikumbuka hiyo mukono, nashindwa kushona.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye bomba ya maji. Jua kali, foleni haitembei, bamama bamejaa. Jirani yangu Mama Sifa, mutu wa mizaha, akaanza: "Mama Mapendo, hebu utuonyeshe basi hiyo yoga ya bwana yako!"

Ningesema hapana. Ilikuwa rahisi tu, kusema hapana!

Nilitua ndoo. Nikakaza kitenje kiunoni. Nikapiga magoti, nikaweka paji chini, matako juu, makusudi juu kabisa. Bamama bakapasuka! Ile kicheko ilinilewesha, siwadanganyi. Tangu tufike kambini hakuna siku bantu balinitazama hivyo. Nikajigeuza, nikalala chali kwenye mavumbi, nikarusha miguu kama mende.

"Na kwa mwisho," nikasema, "anafunga macho, analia!"

"Analia?" Mama Sifa akauliza. "Baba muzima?"

"Analia mpaka kamasi! Uuu, da Odette, nibembeleze! Uuu, Mapendo wangu!"

Ndiyo. Nilitaja jina ya mutoto yangu kwa kuchekesha bantu. Mapendo, niliyemufunika mimi mwenyewe na kitambaa yangu ya kichwa! Mudomo hii hii!

Kicheko ikaanza kukatika, kwanza kwa bale ba nyuma, halafu ba mbele. Nikainua kichwa. Bwana yangu alikuwa amesimama na bido, dumu ya maji, mukononi. Alikuja kunisaidia kubeba maji.

"Jambo, bamama," akasema.

Bamoja bakaitika, bengine bakajifanya banatafuta kitu kwenye ndoo. Akangojea zamu yetu. Akajaza ndoo yangu, akajaza bido, akabeba vyote, akaenda. Hakukimbia. Hakunitukana. Mi nikamufuata nyuma na mavumbi mugongoni.

Nyumbani nikajaribu: "Baba Mapendo, ilikuwa muchezo tu."

"Najua," akasema.

Hakurudi tena kwa da Odette. Kitenje aliyokuwa anatandika aliifua, akaikunja, akaiweka kwenye meza yangu ya kushona. Mabega ikapanda tena. Na bantu habakuishia pale kwenye bomba. Kambi ni ndogo, mudomo ni mingi! Bakamupa jina: Papa Yoga. Riziki akarudi kutoka shule analia, juu benzake balimuuliza kama baba yake anavaaka pampasi. Babaume bengine waliokuwa banaanza kwenda kwa da Odette bakaacha, moja moja. Nani angependa kuchezewa kwenye bomba?

Bwana yangu alisikia yote. Kisha siku moja akasema anaenda Lilongwe kutafuta kazi. Atakaa Chinsapo, kwa rafiki moja anayeuza viatu vya mutumba.

Nikashituka. "Na polisi? Si unajua mukimbizi haruhusiwi kukaa mjini hivi hivi?"

"Nitajichunga."

Alibusu batoto. Mi akanipa mukono, kama mutu anaaga mwenye duka.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu, anatuma sabuni na madaftari ya batoto. Nikichukua telefone ananiambia, "Uko muzuri? Bon. Unipe Riziki." Hakuna hasira ndani yake. Hasira ningeijibu! Ile upole njo ilinimaliza. Noeli ikapita hakuja. Pasaka ikapita. Batoto bakaacha kuuliza, na hiyo ilikuwa mubaya kuliko kuuliza.

Nikaacha batoto kwa Mama Sifa, nikaenda kumutafuta.

Ule rafiki yake wa Chinsapo akaniambia bwana yangu amepata kazi ya bustani Area 47, kwa mutu moja mwema. Akanielekeza. Nikapanda kabaza, pikipiki ya kubeba bantu, tukazunguka kati ya mageti mpaka nikamuona. Alikuwa anakata ua na makasi kubwa. Amekonda. Mabega ile ile.

Akaniona, akaweka makasi chini. "Mama Mapendo. Batoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Kuna mugonjwa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba radhi." Nikapiga magoti palepale kwenye mchanga ya barabara.

"Simama," akasema haraka. "Simama, tafadhali. Bantu batakuona."

Nikasimama. Tukakaa kwenye jiwe ya geti, akanipa maji kwenye kikombe ya plastiki. Nikasema yote niliyotembea nayo: nilikuwa mupumbavu, nilikuwa na wivu, arudi, tutahama kartie, tutaenda hata Nathenje tukalime.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Sina kinyongo na wewe. Lakini kurudi siwezi."

"Juu ya bale bamama?"

"Bale? Bale walikuwa banacheka tu. Nilisikia sauti yako ikiita jina yake vile. Nikilala chali na kufunga macho, hiyo sauti njo inakuja. Nilijaribu hapa, kwenye chumba yangu. Pumzi inashuka kidogo, halafu nakusikia. Nasimama."

Nikalia. Yeye akangojea. Halafu nikamuuliza kile ningepaswa kumuuliza siku ile ya nsima: "Kwa da Odette, ulilia nini? Uliona nini?"

 Gari ikapita, mbwa akabweka.

"Unakumbuka ule mupando ndefu wa mulima, kabla ya kufika kwenye ile shamba?" akasema. "Uliniuliza: Mapendo iko namna gani? Nikakuambia amelala."

"Nakumbuka."

"Hakuwa amelala. Miguu yake ilikuwa na moto sana mugongoni mwangu, na ikaanza kupoa. Nilijua. Lakini nyuma bunduki zilikuwa bado zinalia, na wewe ulikuwa na batoto babili. Nilisema, nikimuambia mama yake hapa, atakaa chini, hatasimama tena, tutakufa bote. Nikatembea. Nilitembea naye vile, nikimuimbia kidogo kidogo ili udhani nambembeleza. Mpaka bunduki ikanyamaza." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Pale kwa da Odette, mugongo ulipolala kwenye sementi baridi, nikamusikia. Miguu yake. Njo nililia. Nikafikiri, leo nitamuambia mama yake. Nitamuambia kila kitu."

Ndugu zangu, mumesikia?

Kumbe ile "twende" haikuwa ya mutu asiye na moyo. Aliibeba maiti ya mutoto yetu peke yake ili mi niendelee kuvuta mguu. Na siku alipopata nguvu ya kuitua, mi nilisimama nikakusanya sahani! Halafu nikaenda kwenye bomba nikamuchezea!

"Sasa umejua," akasema. "Nenda, gari za Dzaleka zisikuache. Ubusu Riziki. Na mudogo yake."

Akachukua makasi, akarudi kwenye ua.

Batoto banaenda kumuona wakati wa kongé, shule ikifungwa, banarudi na biskwiti na habari. Banasema baba anabafundisha hesabu kwa kuhesabu maua. Banasema anacheka kidogo. Mi haniiti. Mi siendi kumusumbua.

Nilienda kwa da Odette kumuomba radhi. Nilidhani atanifukuza. Akanisikiliza, akasema, "Mi nilipoteza banafunzi tu. Bamama balikimbia kicheko, balirudi. Babaume habakurudi. Uende uwaambie bale bantu wa bomba ukweli." Nikaenda. Nilisimama kwenye foleni nikasema: bwana yangu alikuwa analilia mutoto yetu aliyekufa njiani, na mi nilifanya machozi yake kichekesho, na jina ya Papa Yoga isitoke tena kwenye mudomo ya mutu mbele yangu. Mama Sifa akajifunika uso na kitenje. Bengine bakasema, "Ah, ilishapita." Haijapita.

Sasa mi pia ni mwanafunzi pale kwenye sale, ule wa chini kabisa. Magoti inalia, kiuno kimekaa kama ubao kwa sababu ya miaka ya mashini, mikono nikiinua inatetemeka. Niliinama kama bengine, paji chini, na nikagundua ile kitu niliyoigeuza muchezo ni ngumu. Ni ngumu kujiweka chini hivyo mbele ya bantu na kuamini habatakucheka. Bwana yangu aliweza. Da Odette alipita, akaniwekea kitambaa ya kukunja chini ya paji, maana haikufika kwenye sakafu. Hakuna aliyecheka.

Nangojea nilie pale, kama yeye. Bado haijakuja. Nilizoea kulia ovyo ovyo nyumbani, kwa kelele, ili mutu asikie. Pale, kwa kunyamaza, siwezi. Napumua tu. Narudi nyumbani, napikia batoto.

Wewe unayesoma hii: bibi, bwana, dada, rafiki. Kama mutu wako ameanza kitu kidogo kinachomurudishia pumzi, hata kama kwako inaonekana upuuzi, hata kama anajikunja chini kama mutoto, muache. Usimuchezee mbele ya bantu. Usiulize kwa nini anaponea kwa mwengine na hakuponea kwako. Apone tu! Na siku akikuambia, "Leo nimelia," usitafute kazi ya mikono. Kaa hapo hapo. Umuulize alilia nini, na umungojee mpaka amalize. Mi nilimuuliza nimechelewa, kwenye geti ya bantu, na alipomaliza kunijibu alinionyesha barabara.